Uzi maalum: Vumbi la kahawia kwenye tangi dogo la samaki. Usimwage maji yote!

kambale_mweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwa wale tunaofuga samaki wa mapambo majumbani, naleta jambo linalowakatisha watu tamaa mapema kuliko jingine lolote. Mtu ananunua tangi lake la lita 40 au 50, anaweka mchanga, taa, filta na gapi wachache. Wiki ya kwanza maji yanang'aa. Wiki ya pili au ya tatu kioo kinaanza kushika rangi ya chai, mchanga unageuka kahawia, majani ya mimea yanafunikwa na kitu kama vumbi. Anafuta, kesho kutwa limerudi. Anaamua kumwaga maji yote, anaosha mchanga kwa maji ya bomba, anakamua sponji ya filta mpaka inakuwa kama mpya, anaanza upya. Vumbi linarudi vilevile, na safari hii samaki nao wanakufa mmoja mmoja. Mwisho wa yote tangi linahamia stoo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tujadiliane vizuri: vumbi la kahawia kwenye tangi jipya haliui samaki. Kinachoua ni ule usafi wa kupitiliza tunaoufanya ili kuliondoa.

Kwanza tulijue ni nini. Wengi tunaliita mwani wa kahawia, lakini hasa ni diatomu, viumbe vya chembe moja ambavyo kila kimoja kimejijengea ganda la silika, yaani madini yaleyale yaliyo kwenye kioo na mchanga. Rangi ya kahawia inatokana na fukoxanthini, ambayo inafunika ukijani wa klorofili. Viumbe hivi viko kila penye maji na mwanga: mitoni, ziwani, baharini. Pale Kariandusi, Kenya, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya udongo mweupe mwepesi ambao wote ni maganda ya diatomu zilizoishi kwenye ziwa la kale. Udongo wa aina hiyo watu huutumia hata kuchujia maji. Kwa hiyo ukiona vumbi hilo usidhani tangi lako limepata maradhi.

Kwa nini tangi jipya? Kwa sababu kila kitu wanachokitaka kipo na mshindani hakuna. Maji yamekuja na silika iliyoyeyuka, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula yanatoa amonia na fosfeti, na taa inawaka. Wakati huohuo bakteria wazuri bado hawajajaa kwenye filta. Bakteria hao ndio wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutulia. Mimea nayo bado inahangaika kuotesha mizizi. Diatomu wanaukuta mlango wazi.

Bakteria wakishatulia, mimea ikashika na silika ikapungua, vumbi hupungua lenyewe. Matangi mengi yanamaliza hatua hii ndani ya miezi miwili. Sasa wewe ukiosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini, umeua bakteria wengi na kurudi karibu siku ya kwanza. Ukimwaga maji yote umeleta pia silika mpya kwa mkupuo. Ndiyo maana wanaosafisha sana ndio wanaolalamika muda mrefu zaidi.

Namna ya kulitambua: pitisha kidole kwenye kioo. Diatomu hufutika kirahisi na kuacha alama safi, kidole kinabaki na vumbi laini la kahawia. Kama kinachotoka ni utando wa kuteleza, wa kijani cha bluu, unaobanduka kama ngozi na kutoa harufu mbaya, hiyo ni sianobakteria, na huo ni uzi mwingine. Kama ni manyoya meusi yaliyong'ang'ania kingo za majani hayatoki hata ukivuta, huo ni mwani mwingine kabisa. Na kama vioo ni safi ila maji yenyewe yana rangi ya chai, tazama gogo uliloweka, linatoa rangi yake tu.

Ninachopendekeza mimi. Futa kioo cha mbele kwa sponji mpya ambayo haijawahi kuguswa na sabuni, au kwa kadi ya plastiki kama tangi ni la kioo (la plastiki linachubuka, tumia kitambaa laini). Futa kabla ya kubadilisha maji, siyo baada, ili vumbi linaloelea litoke na maji machafu. Chukua mpira, fyonza juu ya mchanga taratibu, toa robo ya maji hadi theluthi moja, kisha rudisha maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke. Ukiweka pampu ya hewa kwenye ndoo itatoka haraka zaidi. Ila kama mamlaka ya maji ya mji wenu inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuacha wazi hakutoshi, nunua dawa ya kuondoa klorini. Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Sponji ya filta ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, na si mpaka iwe nyeupe. Chakula kiwe kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku, na tangi lisikae dirishani.

Basi. Hakuna dawa kwenye orodha yangu. Karibuni, wenye uzoefu tofauti waseme.

---

dada_wa_meru

Asante sana kaka kwa uzi. Mimi niko Arusha, tangi langu ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani kama lita 54. Shida yangu ni kwamba tangi si jipya, lina zaidi ya nusu mwaka. Nafuta Jumamosi, Jumatano limerudi. Nabadilisha maji kila wiki kama ulivyosema. Nimepima amonia na nitriti, vyote sifuri. Maji natumia ya kisima. Muuzaji mmoja kaniambia niongeze taa, mwingine kaniambia nizime kabisa. Nimsikilize yupi?

---

kambale_mweupe

Dada, swali lako ni zuri kwa sababu linaonyesha pale ambapo ushauri wa "subiri tu" unafika mwisho. Tangi la nusu mwaka lenye bakteria waliotulia halipaswi kuwa hivyo. Hapo lazima kuna kitu kinachowalisha diatomu kila wiki, na mimi ninayashuku maji yako.

Tazama ulipo. Mlima Meru ni volkano, na maji ya ardhini maeneo ya volkano hupita kwenye miamba na majivu na kuyeyusha madini mengi. Sote tunajua habari ya floridi katika maji ya huko na meno ya watu kubadilika rangi. Silika nayo inatoka kwenye miamba hiyohiyo. Kwa ujumla maji ya kisima huwa na silika zaidi kuliko ya mvua, na visima vya miamba ya volkano ndivyo vinavyoongoza. Kwa hiyo kila Jumamosi unatoa maji ambayo diatomu wamekwishakula silika yake, unawarudishia mapya yaliyojaa.

Usiamini maneno yangu tu, pima. Chukua chupa mbili za kioo zinazofanana. Moja jaza maji ya kisima, nyingine maji ya mvua. Katika kila moja ongeza kikombe kidogo cha maji ya kwenye tangi ili mbegu za mwani na virutubisho viwepo. Ziweke dirisha moja, mwanga sawa, kisha angalia baada ya wiki mbili ipi imeshika kahawia. Kipimo cha silika cha madukani kipo, wanakitumia sana wenye matangi ya maji ya bahari, lakini chupa mbili hazina gharama.

Ikionekana ni maji, dawa yake ni kuchanganya. Maji ya mvua karibu hayana silika kabisa. Kinga mvua baada ya dakika kadhaa za mwanzo, ili vumbi na kinyesi cha ndege vilivyo kwenye bati vioshwe kwanza, na usikinge kwenye bati lenye kutu au lililopakwa rangi juzi. Anza kwa robo mvua na robo tatu kisima, panda polepole kila wiki. Usiweke mvua tupu, haina madini ya kushikilia pH (kipimo cha uchachu wa maji), na pH hiyo inaweza kuporomoka ghafla. Una samaki gani?

---

dada_wa_meru

Gapi na plati.

---

kambale_mweupe

Hao wanapenda maji magumu, yaani yenye madini mengi, usivuke nusu kwa nusu. Kama mvua ni za msimu na huna pa kuhifadhi, maji ya kuchujwa kwa RO (mtambo unaosukuma maji kwenye utando unaozuia madini) yanafanya kazi ileile, yanauzwa kwenye vituo vya kujaza madumu. Uliza tu kama wanarudisha madini baada ya kuchuja.

---

fundi_pampu

Mkuu kambale, uzi mzuri ila kwenye mwanga sikubaliani nawe. Nimefunga na kuhudumia matangi ya watu kwa muda mrefu hapa Dar. Sehemu nyingi nilizokuta kahawia sugu zilikuwa kwenye kona yenye giza, taa hafifu ya manjano. Nikibadilisha taa kahawia inapotea. Kwa nini usimwambie dada aongeze mwanga?

---

kambale_mweupe

Fundi, uliyoyaona ni kweli na nina maelezo yake. Diatomu wanavumilia mwanga hafifu kuliko mimea na kuliko mwani wa kijani. Pale penye giza wao peke yao ndio wanaojiweza. Ukileta taa nzuri, mimea inaamka, mwani wa kijani unaingia, na hao wote wanawanyang'anya diatomu nitrojeni na fosfeti. Kwa hiyo taa haikuwaua, imewaletea washindani.

Ndiyo maana inategemea. Kama tangi lina mimea mingi na taa ni mbovu, nakubaliana nawe, badilisha taa. Kama tangi halina mmea hata mmoja, ukiongeza mwanga unabadilisha kahawia kuwa kijani, na ile ya kijani ya kung'ang'ania kioo ni ngumu kuifuta kuliko hii.

---

fundi_pampu

Hapo nimekuelewa. Wateja niliowabadilishia taa karibu wote walikuwa na mimea. Niongeze basi kwenye mimea: msihangaike na ya bei. Ule mmea wa mkia wa paka, unaoelea bila mizizi, wenye majani kama sindano laini, unakua haraka na kunywa amonia moja kwa moja kwenye maji. Na pothosi, ule unaotambaa ambao watu wanauweka kwenye chupa sebuleni. Ninginiza mizizi yake tu ndani ya tangi, majani yabaki nje. Jani lisiingie majini, likioza linaharibu maji.

---

bi_mikoko

Salaam nyote kutoka Mombasa. Hamjataja konokono, na mimi kwa maoni yangu hakuna kiumbe anayemaliza diatomu kwenye tangi dogo kama konokono wa jamii ya nerite. Mmoja kwa kila lita 20 anatosha. Anapita juu ya kioo, juu ya jiwe, juu ya jani, nyuma yake panabaki peupe, na jani halitoboi. Tena hajai tangini kama wale wengine, kwa sababu ingawa hutaga mayai kwenye maji baridi, watoto wake wanahitaji maji ya chumvi ili wakue. Mayai yenyewe ni vidoadoa vyeupe vigumu, hilo ndilo lawama pekee ninayompa.

Na wapo kwetu. Nerite mwenye mistari anayeuzwa ng'ambo kwa jina la pundamilia ni mwenyeji wa pwani hii ya Afrika Mashariki, kuanzia Somalia kwenda kusini, kwenye midomo ya mito na mikoko. Funikeni tangi, hupenda kupanda na kutoka nje.

---

kijana_wa_mto

Dah, kumbe! Mimi niko Mwanza, huku konokono wamejaa kandokando ya ziwa na kwenye mifereji ya mpunga. Naenda kuokota kesho, nikiwapata nitaleta picha.

---

tabibu_wa_wilaya

Kijana, tafadhali sana usiende. Bi mikoko anazungumzia konokono wa mikoko. Konokono wa maji baridi wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa mifereji ya mpunga wamo Biomphalaria na Bulinus, na hao ndio wanaobeba kichocho. Yule Biomphalaria ni bapa, amejiviringa kama kamba iliyokunjwa, na anafanana mno na konokono wa mapambo. Ukiingia majini kumwokota, vijidudu vinapenya ngozi bila wewe kuhisi. Ukimleta nyumbani akiwa ameambukizwa, ataendelea kuvitoa ndani ya tangi, na wewe kila wiki unatumbukiza mkono humo. Watoto ndio walio hatarini zaidi.

Hili linahusu pia mimea na maji. Maji ya ziwa peke yake, yakikaa kwenye chombo siku mbili bila konokono, vijidudu hivyo hufa. Lakini mmea uliong'olewa ziwani huja na konokono wachanga na mayai yao, hawaonekani kirahisi. Nunueni mimea iliyokuzwa kwenye matangi. Na kama umeshawahi kuingia mifereji hiyo, nenda kituo cha afya ukapime, dawa yake ni prazikwanteli na inatibu vizuri.

---

kijana_wa_mto

Asante sana daktari. Siendi. Na kupima nitaenda, maana mifereji hiyo tumeogelea toka utoto.

---

kambale_mweupe

Tabibu, nakushukuru kwa dhati. Naomba wasimamizi waibandike post hiyo juu kabisa, ina uzito kuliko yote niliyoandika mimi.

---

mwana_kigoma

Nami nichangie kutoka ziwa letu. Ukizamia miamba ya Tanganyika unaona jiwe zima limevikwa zulia la mwani na diatomu, na samaki wamegawana zulia hilo. Petrochromis wana meno membamba mengi ya kuchanua diatomu kutoka kwenye nyuzi za mwani, Tropheus wao wanakata nyuzi zenyewe. Watu wakisikia hivyo wananiuliza niwapelekee Petrochromis wakasafishe matangi yao. Nawaambia hapana. Ni samaki mkubwa, mkali, anataka tangi la mamia ya lita na maji magumu ya pH karibu 9. Kwenye lita 50 ataua wenzake kabla hajamaliza kioo kimoja.

Jambo hilohilo nasema kuhusu yule samaki mnyonyaji mweusi (pleko) anayeuzwa akiwa wa urefu wa kidole kimoja. Anakua kupita sentimita 30. Akishakuwa mkubwa kinyesi chake ndicho kinacholisha mwani.

---

mama_wawili

Samahani nauliza swali dogo. Mwanangu alizawadiwa samaki wa dhahabu wawili kwenye bakuli la lita 10. Halina filta. Limekuwa kahawia lote, nalisafisha kila baada ya siku tatu. Nifanyeje?

---

kambale_mweupe

Mama, wala si swali dogo. Samaki wa dhahabu anakula sana na kuchafua sana, na akitunzwa vizuri anapita sentimita 15. Lita 10 bila filta haziwatoshi hata wakiwa wachanga. Ukiweza, tafuta chombo kikubwa, hata beseni pana la plastiki au pipa lililokatwa, la lita 80 kwenda juu, uweke filta ya sponji na pampu ya hewa. Ni vifaa vya bei nafuu kuliko vyote kwenye biashara hii. Kwa sasa acha kuosha bakuli zima. Toa nusu ya maji kila siku mbili, rudisha yaliyolala usiku, yenye joto sawa. Kahawia ya ukutani iache kabisa, haiwadhuru, tena wanaidonoa.

---

mkazi_wa_mbagala

Mkuu, na umeme je? Huku ukikatika usiku tunaamka asubuhi filta imelala. Tangu hali hiyo ianze, kahawia imeongezeka. Kuna uhusiano?

---

kambale_mweupe

Upo. Bakteria wa kwenye filta wanahitaji maji yenye hewa yapite muda wote. Filta ikisimama saa nyingi, hasa ile ya kopo lililofungwa, hewa inaisha, bakteria wanakufa na kuoza humohumo. Umeme ukirudi, mashine inamwaga uozo huo tangini kwa mkupuo. Tangi lako linakuwa kama jipya tena, na diatomu wanaona hivyo pia.

Kwa hiyo ukikuta filta imesimama usiku kucha, chomoa kabla umeme haujarudi, kamua sponji kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe. Siku hiyo usilishe. Kwa joto la Dar maji yanashika hewa kidogo, hivyo pampu ndogo ya betri si anasa. Filta ya sponji ya wazi inavumilia kukatika kuliko ya kopo, kwa sababu imo ndani ya tangi lenyewe.

---

dada_wa_meru

Nimerudi na majibu ya chupa. Ya kisima imeshika kahawia chini na pembeni, ya mvua ina ukijani kidogo tu. Nimeanza kuchanganya. Kioo sasa kinakaa wiki nzima kabla sijakigusa.

---

fundi_pampu

Safi sana dada. Mkuu, la mwisho kutoka kwangu: wateja wananiulizia zile dawa za matone za kuua mwani. Nawajibu nini?

---

kambale_mweupe

Waulize kwanza kama wana konokono au kamba wadogo. Dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, na shaba inaua konokono na kamba kwa kiwango ambacho samaki hata hakihisi. Tena mwani ukifa kwa mkupuo unaoza majini, oksijeni inashuka, amonia inapanda, na silika iliyo kwenye maganda inabaki tangini. Kwa mwamba au pambo lililoshika sana, litoe nje, liloweke dakika chache kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 20, suuza mara nyingi, kisha liloweke siku nzima kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Likinuka jiki hata kidogo lisirudi tangini. Na usifanye hivyo kwa mawe yote wiki moja, bakteria wanaishi juu ya mawe pia.